Usinunue lenzi ya f/1.4 kabla hujapima bodi yako

Kuna mama mmoja hapa beach ya Luanda Kotieno ambaye kwa miezi minne, kila akiniona, ananiuliza swali moja tu: "Nyathina, picha yangu iko wapi?" Nyathina ni "mtoto wangu" kwa Kijaluo, kwa hivyo hata siwezi kukasirika. Na picha ilikuwepo. Shida ni kwamba ilikuwa picha ya sikio lake.

Si utani. Sikio lilitoka safi kabisa. Kitambaa alichojifunga kichwani, ungeweza kuhesabu nyuzi zake. Lakini macho? Ukungu mtupu.

Naandika hii kwa sababu kila wiki kuna mtu ananitumia meseji: "Niko na doh kidogo, nataka kuanza filamu, nataka renjifainda na lenzi ya f/1.4 kama zile za YouTube, nichukue gani?" Na wote wanaanza na lenzi. Mimi pia nilianza hivyo. Sasa nasema wazi, na nitalitetea mpaka mwisho wa post: ukitaka lenzi yenye mdomo mpana, anza na bodi. Kama bodi yako haiwezi kuifokasi hiyo lenzi, umemwaga pesa ziwani, na mbaya zaidi, umemwahidi mtu picha ambayo hutampa.

Kilichotokea

Wale hamjafika huku, Luanda Kotieno iko Rarieda, kaunti ya Siaya, mwisho wa barabara inayotoka Ndori. Ndiko feri ya kwenda Mbita inapakia magari. Mchana watu wanatujua kwa feri. Usiku ni story nyingine. Mwezi ukiwa haupo, boti za omena zinaingia ziwani na taa, na ukisimama ufuoni utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Omena hufuata taa, ndiyo maana mwezi mpevu ni hasara kwa mvuvi: ziwa lote likiwa na mwanga, nani atakuja kwa taa yako?

Boti zinarudi alfajiri. Akina mama wanangoja na mabeseni, wanapima kwa gorogoro, wanabishana bei, wanabeba. Huyu mama ni mmoja wao. Binti yake anafanya kazi Doha, hajarudi nyumbani miaka mitatu. Alimwambia mama yake: usinitumie picha ya kanisani, nimezichoka, nataka moja ukiwa kazini, usiku, vile nilikuwa nakuona nikiwa mdogo. Na aliitaka imechapishwa kwa karatasi, aibandike ukutani.

Mama akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye "yule mtoto wa kamera". Na mimi, manze, nilikuwa nimetoka tu kununua lenzi ya 50mm f/1.4. Miezi minane ya kuedit video za harusi za watu iliishia kwenye hiyo lenzi. Bodi niliyokuwa nayo ilikuwa renjifainda ndogo, nyepesi, safi. Jina siitaji. Haikuwa na kosa lolote. Mwenye kosa ni aliyeiunganisha na ile lenzi.

Saa kumi na nusu alfajiri, mama ameketi kando ya karabai, mimi niko mita moja na nusu kutoka kwake. Filamu ya ISO 400 nimeisukuma mpaka 1600, f/1.4, shata 1/30. Kwa f/2.8 ningehitaji 1/8, na kwa 1/8 binadamu anayeongea bei ya omena anakuwa mvuke. Kwa hivyo f/1.4 ilikuwa na sababu yake. Nilipiga fremu 11. Nilipozipata zimeskaniwa, hakuna hata moja iliyokuwa na macho.

Renjifainda inakudanganya kwa upole

Wacha nieleze hii kitu inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kinaanzia.

Kamera nyingi unazozijua, na hata simu yako, unaona kile lenzi inaona. Renjifainda si hivyo. Mbele ina madirisha mawili: moja kubwa la kutazamia, na jingine dogo limekaa kando. Hilo dogo linaleta picha ya pili na kuibandika katikati ya kidirisha kama kiraka. Ukizungusha lenzi, chuma cha nyuma ya lenzi kinasukuma mkono mdogo ndani ya bodi, na kiraka kinasogea. Zile picha mbili zikikutana zikawa moja, bodi inakuambia: hapo sawa, piga.

Umeona ujanja? Lenzi yenyewe hujaitazama hata kidogo. Weka f/1.4, weka f/8, ndani ya kidirisha kila kitu kinaonekana vilevile, kikali, kisafi, mbele mpaka nyuma. Hakuna ukungu wa kukuonya. Umemwamini mpatanishi, na mpatanishi ni bodi.

Sasa swali ni, mpatanishi huyu ana macho makali kiasi gani?

Muulize mvuvi wa hapa jinsi wazee walivyokuwa wakirudi mahali walipoacha nyavu, kabla ya GPS. Walishika alama mbili nchi kavu: tuseme kilima upande wa Gembe, na mti mkubwa upande wetu. Alama zikiwa zimeachana vizuri, mistari miwili ya macho inakatana pahali pamoja, wazi. Alama zikikaribiana, mistari inakaribia kulala pamoja, na ukikosea kidogo tu, umeenda kutafuta nyavu za mwenyewe kwenye maji ya mtu mwingine.

Madirisha mawili ya renjifainda ni hizo alama mbili. Yakiachana, bodi inajua umbali vizuri. Yakikaribiana, inakisia. Huo umbali kati ya madirisha ndio msingi wa kamera. Halafu kuna jambo la pili: kidirisha kinaonyesha vitu kwa ukubwa gani. Ukuzaji wa 1.0 maana yake unaona vitu kwa saizi ya kawaida, 0.7 maana yake vimepungua. Kadiri vinavyopungua ndivyo jicho linavyoshindwa kuona kama kiraka kimekutana au bado. Kwa hivyo zidisha msingi kwa ukuzaji, unapata kitu nitakiita msingi halisi. Hiyo ndiyo namba pekee ninayotaka uondoke nayo leo.

Namba za bodi

Hizi ni za bodi ambazo utakutana nazo ukitafuta mitumba ya kamera. Nimezipunguza ziwe rahisi:

- Leica M3, ile ya 1954: msingi karibu mm 68.5, ukuzaji 0.91. Msingi halisi karibu mm 62.
- Zeiss Ikon ya maunti ya M: mm 75 kwa 0.74. Karibu mm 55.
- Leica M2, M4 na M6 ya kawaida, ukuzaji 0.72: karibu mm 49.
- Leica za dijitali M8 na M9, ukuzaji 0.68: karibu mm 47.
- Canon 7 ya 1961: mm 59 kwa 0.8. Karibu mm 47.
- Voigtländer Bessa R3A na R3M: mm 37 kwa 1.0. Yaani mm 37.
- Voigtländer Bessa R na R2: mm 25 au 26.
- Leica CL ya 1973: mm 31.5 kwa 0.6. Karibu mm 19.

Angalia hiyo orodha tena. Kuna Leica juu kabisa na kuna Leica chini kabisa. Kwa hivyo mtu akikuambia "chukua Leica tu", hajakuambia kitu. Jina halifokasi.

Namba za lenzi

Sasa lenzi inahitaji kiasi gani? Hesabu ni nyepesi, unaweza kuifanya kwenye matatu. Chukua urefu wa lenzi, zidisha kwa wenyewe, gawa kwa 100, halafu gawa kwa namba ya f. Hapo nimechukulia jicho zima linaloweza kuona tofauti ya sehemu 1 ya 60 ya digrii, na ukungu usiozidi mm 0.03 kwenye filamu ya mm 35.

Kwa 35mm f/2 unapata mm 6. Kwa 50mm f/2, mm 12.5. Kwa 50mm f/1.4, karibu mm 18. Kwa 50mm f/0.95, mm 26. Kwa 90mm f/2, mm 40.

Cheki hiyo ya mwisho. Watu wanaogopa f/1.4 na kudharau 90mm f/2, kumbe lenzi ndefu ndiyo inayokula msingi zaidi, kwa sababu urefu unazidishwa kwa wenyewe. Mdomo unagawa mara moja tu.

Najua unachofikiria. "Bodi yako ilikuwa na mm 25, lenzi inataka 18, si inatosha?" Hivyo ndivyo nilijiambia pia! Kwenye karatasi inatosha. Lakini karatasi haiko beach saa kumi na nusu alfajiri. Gizani jicho linaona vibaya zaidi, wewe umechoka, mtu anasonga, mwanga wa karabai unacheza, na ile kamera ina miaka mingi, pengine mkono wake wa ndani umeshasogea kidogo. Kwa hivyo sheria yangu mimi, niliyolipia kwa fremu 11: kama unapiga usiku, zidisha namba ya lenzi mara mbili. 18 inakuwa 36. Na 25 si 36.

Ukitaka kuona maumivu yenyewe kwa sentimita, haya hapa. Lenzi ya 50mm f/1.4, mtu yuko mita moja na nusu. Sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 7 na nusu, nusu yake mbele na nusu nyuma, yaani chini ya sentimita 4 kila upande. Kwa jicho la usiku, bodi ya mm 25 inaweza kukosea karibu sentimita 5 na nusu bila wewe kujua. Umeshatoka nje. Bodi ya mm 50 inakosea chini ya sentimita 3. Uko ndani. Jicho lilelile, lenzi ileile, karabai ileile. Kilichobadilika ni bodi tu.

Hata wakubwa walianza na bodi

Kama unadhani hii ni shida ya watu wa kuokoteza kamera mitumba, kumbuka Stanley Kubrick. Filamu yake Barry Lyndon ilitoka 1975, na kuna sehemu zake zilipigwa kwa mwanga wa mishumaa peke yake. Alipata lenzi ya Zeiss ya 50mm f/0.7, pana kuliko chochote ambacho mimi na wewe tutawahi kushika. Kisha ikabidi kamera yenyewe ikatwekatwe na kurekebishwa ndipo ile lenzi ikae. Na fokasi? Waliweka kamera ya video kando, ikimtazama mwigizaji kutoka ubavuni, ili msaidizi aone kwenye skrini mtu amesogea mbele au nyuma kiasi gani.

Fikiria hicho kitu. Lenzi pana kabisa, na dawa yake ilikuwa jicho la pili lililowekwa mbali na la kwanza. Ni alama mbili za mvuvi, basi.

Canon nao, walipoileta Canon 7 mwaka wa 1961, waliiuza na lenzi ya 50mm f/0.95. Hawakuiweka kwenye bodi ya mm 20. Waliiweka kwenye bodi ya mm 47, na hata hapo, kwa sheria yangu ya usiku, ingetaka mm 52. Kwa hivyo ukiona mtu anajisifu na f/0.95, muulize kwa heshima ni fremu ngapi zilitoka na macho.

Namba kubwa nayo ina bei yake

Sasa usikimbie kununua msingi mkubwa kabisa halafu unilaumu. Kuna vitu vinne vya kuangalia.

Kwanza, fremu. Kidirisha kinachokuza sana kinaona eneo dogo. M3 ina fremu za 50, 90 na 135 peke yake. Bessa R3 zinaanzia 40. Kama maisha yako ni 35mm, ndani ya boti ambapo huwezi kurudi nyuma bila kuingia majini, hizo bodi zitakusumbua. Lakini kama wewe ni mtu wa 50mm usiku, hizo ndizo zako. Na kama unavaa miwani, jaribu kwanza, kwa sababu kwenye kidirisha cha 1.0 pembe za fremu zinaweza kukupotea.

Pili, shata. Huku tuko karibu kabisa na ikweta na ziwa linarudisha jua usoni kama kioo. Mchana mweupe na ISO 400 uko f/16 kwa 1/500 hivi. Ukifungua f/1.4 kwenye jua hilo unahitaji shata ya karibu 1/50,000. Bodi nyingi za filamu zinaishia 1/1000, zingine 1/2000. Kwa hivyo acha ndoto ya kupiga f/1.4 saa saba mchana kwenye feri. Hii lenzi ni mnyama wa usiku. Kama hupigi usiku, huihitaji, na maneno yangu mengine yote unaweza kuyasahau.

Tatu, jua lenyewe. Leica nyingi za filamu na zile za Kisovieti zina shata ya kitambaa, na hakuna kioo kinachoikinga mbele. Ukiacha lenzi iliyofunguliwa ikitazama jua, inafanya vile ulifanya na kioo cha kukuzia na karatasi ukiwa shule ya msingi. Inatoboa tundu. Lenzi ikiwa pana, inatoboa haraka. Canon 7 na Bessa zina shata ya chuma, zinavumilia zaidi. Vyovyote vile, funika lenzi. Usiiweke kwenye benchi ya feri ikitazama juu.

Nne, ndoa ya bodi na lenzi. Bodi za Kisovieti ni bei nafuu na zingine zina msingi wa maana. FED 2, kwa mfano, ina mm 67 kati ya madirisha. Lakini ukichukua lenzi ya Kisovieti kama Jupiter-3, 50mm f/1.5, ukaiweka kwenye Leica, jua kwamba zilitengenezwa kwa vipimo visivyolingana kabisa, na kwa karibu inaweza kukosa hata kama kiraka kinakuambia sawa. Kwa f/8 hutajua. Kwa f/1.5 utajua vizuri sana.

Na kabla hujatoa pesa, pima. Muuzaji akikataa upime, rudisha pesa mfukoni. Weka lenzi kwenye alama ya mwisho, ile ya mbali kabisa, tazama kitu cha mbali. Mimi hutumia mnara wa simu ng'ambo, upande wa Mbita. Kiraka kikutane, bila kupanda juu wala kushuka. Halafu karibu: laza rula mezani, itazame kwa mshazari ukiwa mita moja, fokasi kwenye namba 15, piga ukiwa umefungua lenzi yote. Picha ikitoka na 15 kali, nunua. Ikitoka na 12, hiyo kamera inataka fundi kwanza.

"Si utumie simu tu?"

Sawa, swali la haki. Simu ya siku hizi usiku inashangaza. Lakini inafanya hivyo kwa kupiga picha nyingi na kuziunganisha, na boti haitulii, na mama anayemwaga omena kwenye beseni hatulii. Nimejaribu. Mikono inatoka kama moshi.

Swali gumu zaidi ni hili: mbona usichukue kamera ya dijitali isiyo na kioo, uweke adapta, ukuze picha kwenye skrini, ufokasi kupitia lenzi yenyewe? Hapo sitakudanganya. Kwa f/1.4 gizani, hiyo inafokasi vizuri kuliko renjifainda yoyote kwenye orodha yangu, kwa sababu hakuna mpatanishi. Kama ni kazi ya kulipwa, kama ni harusi ya mtu, chukua hiyo. Renjifainda naitaka kwa sababu nyingine: haimulikii mtu uso kwa skrini, haina kelele, kidirisha chake kinang'aa hata gizani, na watu wa beach wakishaizoea wanasahau niko hapo. Hizo ni sababu za kweli. Lakini "inaonekana poa kwenye Instagram" si sababu ya kumalizia akiba ya miezi minane. Nasema kama mtu aliyeimaliza.

Nilifanya nini basi

Sikununua Leica. Niko Luanda Kotieno, si mtoto wa waziri.

Nilirudi kwenye hesabu. Bodi ina mm 25 na siwezi kuibadilisha. Basi lenzi gani inastahili bodi hii, hata usiku? 35mm f/2: sita mara mbili, kumi na mbili. Inaingia na nafasi inabaki. Na bodi ilikuwa tayari na fremu ya 35. Nikauza ile f/1.4, nikachukua 35mm f/2, na bado nikabaki na pesa za roli kadhaa.

Lakini f/2 inapokea nusu ya mwanga wa f/1.4. Hiyo stopu moja ningeitoa wapi? Hapa ndipo nilijicheka. Nilikuwa nimelipa pesa nyingi kupata stopu ambayo ilikuwa bure muda wote. Mwanga wa taa unapungua kwa mraba wa umbali. Mtu aliye mita 2 kutoka kwa karabai, akisogea mpaka mita 1.4, anapata mwanga mara mbili. Sentimita 60 za kusogeza kiti. Ndiyo tofauti ya f/2 na f/1.4.

Kwa hivyo usiku uliofuata wa giza nilimwambia, "Mama, nisaidie, sogea karibu na taa kidogo." Akasogea, huku akilalamika kwamba picha zangu zina kazi nyingi kuliko omena. Nikamkaribia mpaka mita moja hivi. Shata ileile, 1/30. Fremu sita tu, kwa sababu boti ilikuwa inaingia na hakuwa na muda wangu.

Nne kati ya sita zina macho.

Bado nasema, kama siku moja nitapata pesa, nitachukua bodi ya karibu mm 50 na nirudi kwa 50mm f/1.4, kwa sababu kuna picha katikati ya ziwa ambapo huwezi kumwambia mtu asogee karibu na taa. Lakini nitanunua bodi kwanza. Lenzi itangoja. Na wewe ukiwa na pesa ya kitu kimoja leo, fanya hivyo: soma namba ya bodi, fanya hesabu ya lenzi, zidisha mara mbili kama ni usiku. Ikikataa, usilazimishe. Shuka kwa lenzi ndogo, sogeza taa.

Nilichapisha moja Kisumu, nikarudi nayo kwa matatu nimeibana katikati ya daftari. Mama alifuta mikono, akaishika kwa ncha za vidole, akaipeleka karibu na uso, akaisogeza mbali. Akakaa kimya kidogo.

"Sasa huyu ni mimi," akasema.

Halafu akaniuliza ya pili ni pesa ngapi, kwa sababu hii inaenda Doha na yeye pia ana ukuta.